Kovu la Korosho

Kila alfajiri, baada ya kusali, Bi Mwanakhamis aliita majina mawili kutoka ukumbini. Na kila alfajiri Mwanamize alitega sikio asikie jina lipi litatangulia.

"Siti! Mize! Amkeni, jua halimngoji mtu!"

Likitangulia la Siti, Mwanamize aligeukia ukutani akajifanya bado amelala. Likitangulia lake, aliruka kutoka mkekani kama aliyetekenywa. Siti hakuhesabu majina. Aliamka vile vile siku zote, akakunja mkeka wake, akachukua ndoo, akaenda kisimani.

Wasichana hawa walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili kila mmoja, na waliishi nyumba moja nyuma ya Makangale, pale mashamba yanapoishia na msitu wa Ngezi unapoanza. Mwanamize alikuwa mtoto pekee wa Mzee Jecha, mpasua mbao, na Bi Mwanakhamis. Siti alikuwa mtoto wa dada yake Bi Mwanakhamis. Alizaliwa Kisiwa Panza, kusini kabisa mwa Pemba, na mama yake alipofariki akaletwa huku na furushi moja la nguo. Mwanzoni alimwita Bi Mwanakhamis "Mama Mdogo". Siku moja lile neno "Mdogo" likaanguka njiani, wala hakuna aliyeliokota isipokuwa Mwanamize. Yeye aliliweka moyoni, na kila Siti aliposema "Mama", alilisikia likimchoma kama mwiba.

Siti hakuwa na kosa. Alikuwa mpole, mwepesi wa kazi, na alisoma vizuri. Lakini ukimtazama mtu kwa jicho la wivu, wema wake wote unauona umefanywa kukusuta wewe.

Asubuhi moja ya mwaka 1959 walipofika skuli hawakuingia darasani. Mwalimu Turki aliwapanga wanafunzi wote barazani, mikono ya kushoto wazi. Mbele yao alikaa Bwana Nassor, Bwana Afya kutoka Wete, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe na sauti ya upole. Mezani pake palikuwa na vichupa vyembamba vya kioo, pamba na sindano.

"Kuna uvumi wa ndui huko bara," alisema Bwana Nassor. "Pengine ni uvumi tu. Lakini mwenye nyumba ya makuti hangoji moto ufike kwa jirani ndipo achote maji. Nitatia tone la dawa mkononi na kuiparuza ngozi kidogo. Msipanguse, wala msioshe mpaka pakauke. Baada ya siku chache patawasha, patafanya lengelenge, na wengine mtapata homa. Msiogope. Hiyo ndiyo dalili kwamba chanjo imeshika."

Siti alipofikiwa, alitoa mkono, akatazama sindano ikifanya kazi yake, kisha akasema, "Ahsante, Bwana."

"Mtazameni binti wa Kisiwa Panza!" alisema Mwalimu Turki. "Hata kope hakupepesa."

Aliyefuata alikuwa Mwanamize. Alikuwa ameazimia naye asipepese kope. Lakini ncha ya sindano ilipomgusa alipiga ukelele, na baraza zima likaangua kicheko.

"Looh, Mize! Umesikiwa mpaka Wete!" alidakia Ahmada, mtoto wa jirani yao, ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

Njiani kurudi nyumbani Ahmada aliendelea. "Kaka yangu alichanjwa, mkono ukavimba kama shelisheli. Alilia wiki nzima! Dawa yake ni ndimu na jivu. Ukijipaka leo, chanjo inakufa hapo hapo."

Mwanamize alikuwa bado anasikia kile kicheko masikioni. Alipofika nyumbani alikwenda nyuma ya jiko, akakata ndimu, akachota jivu, akausugua mkono wake mpaka ukawa mwekundu.

"Siti, njoo nikupake na wewe."

"Bwana Afya kasema tusipanguse."

"Bwana Afya kasema! Mwalimu kasema! Wewe kila mtu akisema unaitika tu." Mwanamize alimwaga lile jivu lililobaki, akaingia ndani.

Siku zilipita. Mkono wa Siti ukaanza kuwasha, kikatoka kipele, kipele kikawa lengelenge lenye kibonyeo katikati, kisha homa ikaja. Bi Mwanakhamis alimhamishia kitandani kwake. Majirani walikuja kumtazama, na kila mmoja aliinama juu ya ule mkono na kusema, "Mashaallah, imeshika! Imeshika kweli!" kana kwamba Siti amekhitimu msahafu.

Mwanamize alisimama mlangoni na mkono wake mzima, laini, usio na alama yoyote. Alivumilia yote mpaka mchana, aliposikia harufu ya supu. Baba yake alikuwa amechinja kuku. Na kuku mwenyewe alikuwa yule tetea mweupe, ambaye Mwanamize alimlea tangu kifaranga.

"Mama! Kuku wangu!"

"Nitakupa mwengine, mwanangu. Siti hajala tangu jana."

"Si kidonda kimoja tu? Kidonda kimoja kinakula kuku mzima?"

"Mize!" Bi Mwanakhamis alimtazama kwa jicho ambalo Mwanamize hakulipenda. "Usiniudhi mbele ya mgonjwa."

Ulikuwa wivu wa ajabu, kumwonea mtu wivu kwa kidonda. Lakini ndivyo ulivyokuwa. Usiku Mwanamize alilala peke yake mkekani, akiupapasa mkono wake na kuutamani ule wa mwenziwe, uliovimba na kuuma.

Skuli mambo yalizidi. Watoto walikuwa wakioneshana madonda yao kama wafanyabiashara wanavyooneshana mali. Mwanamize aliivuta chini mikono ya gauni lake, lakini Ahmada alimshika na kuupandisha mmoja.

"Njooni muone! Mkono kama wa kitoto kichanga! Chanjo imemkataa!"

"Niache!"

"Bwana Afya akirudi atakuchanja upya, mikono yote miwili. Na atauliza nani aliyepangusa."

Maneno hayo yalimfuata Mwanamize mpaka nyumbani. Akafika kwenye mkanju uliokuwa mpakani mwa shamba lao, akasimama. Mti huo wa korosho ulikuwa umezaa. Kila mtoto wa Pemba anajua kwamba ganda la korosho mbichi lina maji makali yanayounguza ngozi. Wavulana watukutu huyatumia kujichora majina yao mikononi, kisha wakachapwa na mama zao. Mwanamize aliokota korosho moja, akaiponda kwa jiwe, akachovya kijiti, na kwa kijiti hicho akaweka tone moja mkono wa kushoto, mahali pale pale pa chanjo.

Paliwaka moto. Alijiuma mdomo asilie. Kesho yake palikuwa na lengelenge jeusi la kutisha, na alipoketi kunywa chai na muhogo aliuacha mkono wa gauni upande wenyewe.

"Ee! Na wewe imeshika!" alisema mama yake. "Mbona hukusema, mwanangu? Umeumwa kimya kimya!" Akamvuta ubavuni, akamshika paji la uso kutafuta homa. Mwanamize alifumba macho. Alilitaka hilo kwa siku nyingi. Lakini alipofumbua, mama yake alikuwa amemshika Siti kwa mkono wa pili na anasema, "Sasa wanangu wote wawili wana kinga. Alhamdulillah." Utamu wote ukamtoka.

Wiki ya ukaguzi wa chanjo ilipofika, Bwana Nassor alikuwa vijiji vya mbali, hivyo Mwalimu Turki ndiye aliyewatazama wanafunzi. Yeye alikuwa mjuzi wa hesabu na sarufi, si wa chanjo. Aliona kidonda, akasema, "Imeshika. Nenda. Mwengine!"

Mambo yangeishia hapo, na pengine hadi leo hakuna ambaye angejua. Lakini Bi Mwanakhamis alikwenda Wete kumtazama wifi yake aliyejifungua, na siku si nyingi baada ya kurudi alishikwa na homa. Mwili ulimuuma, kichwa kikamgonga, na asubuhi moja Siti alipompelekea maji ya kunawa, aliona vipele vyekundu usoni na shingoni mwake.

Habari zilienea kabla ya jua kupanda. Majirani waliozoea kuingia bila hodi sasa walisimama mbali kwenye njia. "Mwanakhamis! Mungu akupe afya!" walipaza sauti, wakaacha sahani za chakula chini ya mti, wakarudi haraka. Hakuna aliyetamka neno ndui, lakini kila mmoja alikuwa nalo mdomoni.

Mzee Jecha hakwenda msituni siku hiyo. Alimfuata Bwana Nassor, wakarudi pamoja. Bwana Afya aliingia chumbani, akakaa kitambo, akatoka akinawa mikono yake kwa sabuni.

"Upele ndio kwanza unatoka," alisema. "Kwa leo siwezi kusema ni ndui, wala siwezi kusema si ndui. Nimemtuma mtu kwa daktari wa Wete, kesho atafika. Mpaka hapo tuichukulie kuwa ni ndui. Jecha, wewe ulichanjwa lini?"

"Mimi? Hata kanzu sijaanza kuvaa."

"Zamani mno. Mwili nao husahau. Nitakuchanja upya, na majirani zako wote, lakini chumbani huingii."

"Sasa nani amhudumie mke wangu, yakhe? Ukuta?"

"Aliyechanjwa karibuni na chanjo yake ikashika."

Siti alikwisha kupandisha mkono wa gauni. Bwana Nassor aliutazama, akaona kovu la mviringo, lenye vitundu vidogo vidogo. "Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Ingia wewe. Mpe maji kidogo kidogo, mpepee, na kila utokapo nawa kwa sabuni."

"Na mimi nimechanjwa!" alisema Mwanamize.

"Mmoja anatosha kwa sasa, binti. Chumba cha mgonjwa si uwanja wa sikukuu."

Mwanamize aliketi juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi nje ya dirisha. Aliogopa, maana mama yake alikuwa mgonjwa na huenda akafa. Lakini pembeni mwa hofu hiyo wivu ulikuwa umekaa, hauna haya, unakula na kushiba. Alisikia maji yakimiminwa. Alisikia mama yake akisema jambo kwa sauti dhaifu, na Siti akajibu, kisha wote wawili wakacheka kidogo. Wanacheka nini? Mama yangu anaumwa, nani kampa huyu ruhusa ya kumchekesha? Mimi ndiye niliyekaa tumboni mwake. Mimi ndiye wa kumpepea.

Siti alipotoka na bakuli tupu, uso wake ulikuwa na furaha. "Mama kamaliza uji wote!"

"Mama yako au mama yangu?"

Siti alisimama. Kisha akaliweka bakuli chini, akaanza kunawa mikono yake kama alivyoagizwa.

"Mize," alisema bila kuinua macho, "wangu nilimpa uji vile vile. Kwa mkono huu huu, mpaka siku aliyoacha kumeza. Sitaki nimzike na huyu."

Lakini badala ya kumlainisha, maneno yale yalimfanya atamani zaidi kuingia, naye afanye kitu, naye aonekane. Aliinuka akamwendea Bwana Nassor, aliyekuwa uani na sindano mkononi. Watu wazima wa kijiji walikuwa wamepanga mstari mpaka njiani, na kila mmoja alikuwa na swali lake.

"Bwana, Siti amechoka. Nipe na mimi zamu."

"Onesha mkono." Aliutupia jicho mara moja, kwani bibi mmoja mbele yake alikuwa akilalamika kwamba dawa itamharibia saumu yake ya sunna. "Mwalimu wako aliutazama?"

"Ndiyo."

"Ulipata homa?"

"Ndiyo," alisema Mwanamize, na huo ulikuwa uongo wa pili kuubeba ule wa kwanza.

"Haya. Mpelekee maji ya kunywa."

Alimimina maji kwenye kikombe, akatembea mpaka mlango wa chumba. Pazia la kanga lilikuwa limeteremshwa. Nyuma yake alisikia pumzi nzito za mama yake.

"Nani huyo?"

"Mimi. Mize."

"Mwanangu! Nimekutamani tangu asubuhi." Kitanda cha kamba kililia, kama mtu anayejaribu kujiinua. "Lakini simama hapo kwanza. Niambie, chanjo yako imeshika kama ya Siti?"

Mwanamize alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mize? Usinifiche. Nikiinuka mimi katika kitanda hiki nikakulaza wewe, kupona kwangu kutanifaa nini?"

Mwanamize aliutazama mkono wake. Lile kovu jeusi, laini, lilimdanganya mama yake. Likamdanganya Mwalimu Turki, na leo limempita hata Bwana Afya katika haraka zake. Sasa lilibaki kumdanganya ndui mwenyewe. Na ndui, kama yumo chumbani mle, hatamwambia aoneshe mkono.

Alikiweka kikombe chini, kizingitini. Maji yakamwagika nusu.

"Mama, yangu si chanjo," alisema. "Yangu ni korosho."

Kisha sauti ya Bi Mwanakhamis ikapanda, kali kuliko walivyodhani angeweza siku ile. "Jecha! Jecha! Mtoe mtoto mlangoni!"

Baba yake alimvuta mpaka uani mbele ya watu wote, na mkono wake mwengine ulikwisha kuinuka. Bwana Nassor alisimama katikati.

"Tulia, yakhe. Fimbo haimchanji mtu. Kaa chini, binti. Ulifanya nini?"

Mwanamize alieleza yote, ndimu, jivu na korosho. Ahmada, aliyekuwa kwenye mstari na mama yake, alitazama miguu yake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Na kwa nini hukusema mapema?"

"Kwa sababu Siti..."

"Siti kafanya nini?"

"Hakufanya kitu," alisema Mwanamize, na hapo ndipo alipolia.

Bwana Nassor alivunja kichupa kipya. "Ningekutazama vizuri nisingekupitisha," alisema. "Haraka yangu nayo ina lawama yake. Lakini sikiliza, maana ulichokipangusa hukukijua. Jecha, wewe ulicheza ng'ombe ujanani, ukizikwepa pembe uwanjani. Ulianza na fahali?"

Mzee Jecha bado alikuwa na hasira, lakini swali la ng'ombe halimshindi mtu wa Pemba kulijibu. "Nianze na fahali, ningekuwa hapa? Nilianza na ndama wa babu yangu, kamba fupi. Akinipiga kichwa naanguka, nainuka. Nikajua anavyoinamisha shingo, anavyogeuza jicho. Siku ya fahali uwanjani nilikwisha kumjua."

"Umesikia, binti? Mwili wako nao ni mcheza ng'ombe. Ndui ni fahali. Mwili usiomjua hupigwa pembe kabla haujajua uruke upande gani. Chanjo ni ndama. Na dawa yenyewe ilianzia kwa ng'ombe, katika maradhi mapole yaliyo ndugu wa ndui. Ule uvimbe na ile homa ya Siti ni mwili kucheza na ndama, kuanguka na kuinuka, na kujifunza. Ukishajifunza hubaki na kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ndiyo tunayoiita kinga. Kovu ni alama tu kwamba somo limepita. Wewe ulijipa alama bila somo."

"Na kama ndui ameshaniingia?"

"Mlangoni hukupita. Na nikikuchanja leo, mwili utawahi kujifunza. Lete mkono."

Safari hii Mwanamize hakupiga ukelele. Bwana Nassor alimfunga kitambaa safi, naye akakaa mbali na dirisha mpaka kesho yake, bila kuambiwa.

Daktari wa Wete alifika na gari asubuhi. Alikuwa mfupi, na aliuliza maswali mengi kuliko alivyojibu. Alimkagua mgonjwa uso, kifua, mgongo, viganja na nyayo. Kisha akatoka akitabasamu.

"Si ndui," alisema. "Ndui hujaa usoni, mikononi na miguuni, na vipele vyake huiva pamoja. Huyu vimejaa kifuani na mgongoni, na haviko sawa. Vingine vipya, vingine vina maji, vingine vimeanza kukauka. Ni tetekuwanga. Kwa mtu mzima huwa kali, lakini inshaallah atapona. Kule Wete alikokwenda kulikuwa na watoto wagonjwa?"

"Watoto wa wifi yake walikuwa na upele," alisema Mzee Jecha, akaketi chini pale pale. "Alhamdulillah. Alhamdulillah."

"Sasa, nani humu ameshapata tetekuwanga?"

"Mimi nilipata utotoni. Na huyu Mize alipata akiwa mdogo sana, akatukesha siku kadhaa."

"Na huyu?" Daktari alimwelekea Siti.

"Sijapata, Bwana," alisema Siti. "Lakini mimi nimechanjwa. Chanjo yangu imeshika."

"Imeshika kwa ndui, binti yangu, si kwa tetekuwanga. Mwili haukumbuki ila ugonjwa uliokwisha kukutana nao, au ndugu yake wa karibu. Maradhi hayo mawili yanafanana machoni mwa watu, lakini si ndugu. Wewe kaa nje. Huyu mwenziwe aingie."

Siti alikwenda kuketi kwenye kile kibao cha mbuzi, mgongo wake kwa watu, mabega yakitikisika.

Mwanamize aliingia. Alimpa mama yake maji, akampepea. Bi Mwanakhamis alimshika mkono uliofungwa kitambaa, hakumgombeza, akamwambia tu, "Karibu, mwanangu." Siku iliyopita Mwanamize angeuza kila alicho nacho kwa neno hilo. Sasa alikuwa nalo, na bado masikio yake yalikuwa dirishani, akisikia mtu anavuta makamasi polepole ili asisikike. Alimjua mtu huyo anavyojisikia. Hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye.

Aliinuka akasogea karibu na dirisha. "Siti! Mama anauliza, ile hadithi ya jana iliyomchekesha iliishia wapi? Isimulie kutoka huko huko. Paza sauti."

Kisha Siti akapangusa pua, akaanza kusimulia habari za mvuvi wa Kisiwa Panza aliyemwuzia mkwewe samaki wake mwenyewe, na mara wote watatu, mmoja nje na wawili ndani, walikuwa wakicheka.

Bi Mwanakhamis alipona. Bwana Nassor alirudi kuutazama mkono wa Mwanamize, na safari hii aliutazama kwa makini hasa, juani, huku na huku. Lengelenge lilikuwa limekaa pembeni mwa lile kovu la korosho, lina kibonyeo katikati. Alicheka. "Hii sasa ndiyo yenyewe. Ulipata homa?"

"Nilipata. Ya kweli."

Wiki hiyo hiyo Siti naye aliota vipele. Tetekuwanga ilikwisha kumwingia siku ile ya kwanza alipomhudumia mgonjwa. Mwanamize hakungoja kuagizwa. Alitandika kitanda, akachemsha majani ya mwarobaini ya kumwogeshea, akampaka ile dawa ya maji ya rangi ya waridi aliyoacha daktari, kipele kimoja baada ya kimoja.

"Usijikune! Nitakufunga mikono!"

"Panawasha, Mize."

"Najua panawasha. Mimi nilipata kabla yako."

Ahmada alichungulia mlangoni na embe mbili. "Naweza kuingia?"

"Umepata tetekuwanga wewe?"

"Sijui."

"Basi kamuulize mama yako kwanza. Hapa mtu haingii kwa kubahatisha."

Bi Mwanakhamis, ambaye alikuwa ameketi ukumbini akisuka ukili kwa mikono iliyokuwa bado dhaifu, alicheka mpaka akakohoa. Mwanamize alipotoka kubadilisha maji, alimwita aketi.

"Nataka nikuambie neno, na kisha sitalirudia," alisema. "Ulimwonea Siti wivu kwa kidonda, na kumbe ulikuwa na kinga yako mwenyewe ambayo yeye hakuwa nayo. Umeibeba tangu utotoni, hukuijua. Wivu ndivyo ulivyo, mwanangu. Unakuhesabisha vya mwenzio mpaka unasahau vyako. Mimi sikumlaza Siti kitandani kwangu kwa kuwa nampenda kuliko wewe. Nilimlaza kwa kuwa aliumwa. Mlango wangu hufunguka kwa anayehitaji, na leo ni huyu, kesho ni yule."

"Ndiyo, Mama."

"La pili. Mtu unaweza kumdanganya, maana mtu hutazama kovu. Maradhi hayatazami kovu. Korosho ilitosha kwa mwalimu wako, lakini mlangoni pangu isingetosha. Namshukuru Mungu uliyasema ukiwa nje ya kizingiti. Ukweli wako ulikuwa mchungu, na ulikuwa dawa. Wengi huusema wakiwa wameshaingia."

Mwanamize aliinamisha kichwa. Kutoka chumbani ikasikika sauti ya Siti, dhaifu na ya kulalamika, "Mama! Mama, maji!"

Bi Mwanakhamis alitaka kuinuka. Mwanamize alimzuia begani.

"Kaa, Mama, bado huna nguvu," alisema, akachukua kikombe. "Mama yetu amechoka, Siti! Nakuja mimi."